Nani Aliyemharamishia Binti Kalamu?

Wako katika sisi wazee watu ambao wakisikia binti anasoma hufurahi, na wakisikia anaandika hununa. Akikhitimu Qur'ani watapika biriani na kualika mtaa mzima. Akikutwa na daftari lake mwenyewe, ameandika humo maneno yake mwenyewe, nyumba huingia msiba. Ukiwauliza sababu watakwambia kuwa kusoma ni ibada na kuandika ni fitina. Asome maneno ya Mwenyezi Mungu na ya walimu wake, yatamtosha. Akianza kuandika ataandika barua, na barua zina pa kwenda.

Maneno haya si mapya. Babu zetu wengi katika mwambao huu waliyasema, na vyuo vingi vya zamani viliendeshwa kwayo: mvulana alipewa ubao, wino na kalamu ya tete, na msichana alifundishwa kuitambua herufi lakini hakufundishwa kuiandika. Leo ni wachache wanaothubutu kuyasema hadharani, kwa kuwa binti huyo huyo anakwenda skuli, na huko ataandika mtihani, baba apende asipende. Kwa hiyo maneno yamegeuka sura. Sasa husemwa: aandike ya skuli, basi, anakili yaliyo ubaoni. Ama yaliyo moyoni mwake yakae huko huko moyoni. Mimi nasema kauli hii ya leo ni ile ile ya jana iliyovishwa kanzu mpya, na nataka wenye kuisema watuonyeshe wameitoa wapi.

Kilichonishikisha kalamu ni mzazi mmoja aliyenijia baada ya sala ya Alasiri, ameshika daftari la mwanawe kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya mfu. Sitamtaja yeye wala mtaa wake. Binti ana miaka 14, amekwisha hifadhi juzuu 11, na kwa matamshi wanaomshinda ni wachache. Baba alitaka nimwapishe mwanawe juu ya Msahafu kwamba hataandika tena kitu kisichokuwa cha skuli. Nikamwomba nilisome daftari kwanza. Yeye mwenyewe hakuwa amelisoma. Alikuwa ameona ukurasa mmoja wenye jina la mvulana, ukamtosha.

Nikakaa nalo mpaka Magharibi. Yule mvulana alikuwa ni mtoto wa katika hadithi, aliyetumwa dukani kununua mafuta ya taa akapoteza chenji njiani. Mlikuwa na khabari za kisima cha bibi yake huko shamba, jinsi maji yanavyopungua wakati wa kiangazi na ndoo inavyogonga jiwe kabla ya kugusa maji. Nimeteka maji katika visima vya namna ile tangu utoto wangu, na sijapata kusikia mtu mzima akaieleza sauti ile sawasawa kama alivyoieleza mtoto huyu. Mlikuwa na makosa mengi, dh na z akizichanganya ovyo. Mlikuwa na barua kwa huyo bibi yake, ambaye amekwisha fariki. Na mlikuwa na ukurasa mmoja wa kumsengenya mwenzake wa darasani, nao haufai. Nikamwambia baba: juu ya ukurasa huu nitazungumza naye mimi, zilizobaki, mshukuru Mungu. Hakukubali. Daftari lilichomwa usiku ule ule nyuma ya jiko.

Sasa nawauliza wenye akili. Mtoto aliyefika kueleza sauti ya ndoo kisimani, ataacha kwa sababu amechomewa karatasi? Au atatafuta mahali pengine pa kuandikia, ambapo hapana mzazi wala mwalimu atakayepaona? Na siku hizi mahali hapo hapakosekani. Pana kioo, pana namba ya siri, na pana watu wasiojulikana walio tayari kumsoma na kumjibu saa saba za usiku. Daftari la kurasa 80 lililokuwa chini ya mto wa kulalia ndilo lililokuwa karibu na mkono wa babaye, naye amelichoma.

Tuje kwenye dalili, maana wakatazaji hupenda kutanguliza kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza. Ipo kauli inayonasibishwa na Bibi Aisha (R.A.), ati ameipokea kwa Mtume, ya kwamba wanawake wasikalishwe vyumba vya juu, wasifundishwe kuandika, na wafundishwe kusokota nyuzi na Sura ya An-Nur. Al-Hakim aliitia katika Mustadrak yake na akaihesabu kuwa sahihi. Wanaoitumia husimama hapo hapo. Hawasogei hatua moja wakamsikiliza Adh-Dhahabi, aliyekipitia kitabu hicho hicho akasema kuwa kauli hiyo imezuliwa. Wala hawamtazami Ibn al-Jawzi, aliyeitia katika mkusanyo wake wa hadithi za uongo. Katika wapokezi wake yumo Abdul-Wahhab bin Adh-Dhahhak, na huyu mabingwa wa hadithi wamekwisha mweka katika safu ya waongo. Kumzulia Mtume ni jambo lenye onyo kali mno katika dini yetu. Basi mtu anakimbia dhambi ya barua ambayo haijaandikwa, anakwenda kutumbukia katika dhambi ile!

Na la ajabu ni kuwa wanaoishika nusu ya kalamu hawaishiki nusu ya ghorofa. Wake zao na mabinti zao wanakaa ghorofa ya tatu, na roshani zinatazama barabara kuu.

Ama lililopokewa kwa njia ya kutegemewa ni kinyume cha hayo. Katika Sunan ya Abu Dawud imo khabari ya Shifaa binti Abdillahi, bibi wa Kikureshi aliyejua kuandika. Mtume aliingia akamkuta kwa Bibi Hafsa, mkewe, akamtaka amfundishe Hafsa kisomo cha kutibia ugonjwa wa ngozi uitwao namla, kama alivyokwisha mfundisha kuandika. Hakusema aache lile la kuandika. Alilitaja kama jambo jema lililokwisha fanyika, akalifanya kigezo cha lile la pili.

Mfuateni huyo Bibi Hafsa mwone amefika wapi na kalamu yake. Zaid bin Thabit alipoikusanya Qur'ani katika kurasa kwa amri ya Sayyidna Abubakar, kurasa zile zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Sayyidna Umar, na baada ya Umar zikawa kwa binti yake Hafsa. Sayyidna Uthman alipotaka kuandikisha misahafu ya kupelekwa katika miji alituma mtu kwake kuziazima, na kazi ilipokwisha akamrejeshea. Kurasa za Kitabu cha umma mzima zilihifadhiwa nyumbani kwa mwanamke aliyefundishwa kuandika, na wanaosema kuwa wanamfuata Mtume wake wanatetemeka mbele ya daftari lenye kisima na mafuta ya taa.

Tena huyo huyo Bibi Aisha anayesingiziwa kukataza, tumepokea nini kwake kwa hakika? Al-Bukhari katika Al-Adab al-Mufrad amepokea kwa Aisha binti Talha, aliyelelewa naye, kwamba watu wa kila mji walikuwa wakimjia, vijana wakimfanya dada yao, wakimwandikia barua kutoka mijini kwao na kumletea zawadi. Akimwambia Bibi Aisha: ewe khalati, hii barua ya fulani na hii zawadi yake. Naye Bibi Aisha akimwamrisha amjibu na amlipe zawadi yake, na akisema kuwa kama hana cha kulipa atampa yeye. Wazee wenzangu, isomeni tena khabari hii. Barua imeingia nyumbani kwa binti, imesomwa mbele ya mkubwa wake, na mkubwa wake ameamrisha ijibiwe. Hapana aliyejificha hapo. Barua ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kwenye milango yote miwili amesimama mtu mzima.

Wanapoishiwa na hadithi hukimbilia kwa Bibi Salme. Hili nimelisikia barazani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: tazama binti wa Sayyid Said bin Sultan, alijifundisha kuandika, mwisho wake akatoka Unguja na akatoka na katika dini. Kwao hii ndiyo hoja ya kufunga mlango. Mimi naona ndiyo inayoufungua.

Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Alifundishwa kusoma Qur'ani kama ndugu zake, na kuandika hakufundishwa, kwa kuwa alikuwa msichana. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi alivyofanya: alichukua Msahafu, akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao siku zile ulitumika kama ubao wa kuandikia, akaanza kuziiga herufi moja moja kwa siri. Alipotaka kuinyosha hati yake ilimbidi amwamrishe mtumwa mmoja wa nyumbani aliyejua kuandika awe mwalimu wake. Zingatieni hilo. Mtumwa mwanamume kalamu anayo, na binti wa Sultani hana. Jambo lilipojulikana alitukanwa na kusemwa vibaya, lakini hakujali.

Mwaka 1859 nduguye Barghash aliinuka kumpinga ndugu yao Majid aliyekuwa akitawala. Wenye kupanga njama walihitaji mtu wa ndani wa kuandika barua zao, wakamwita nani? Yule yule msichana, naye ana miaka 15 hivi. Jana kuandika kwake kulikuwa aibu. Leo kumekuwa silaha yao. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki akichukiwa na pande zote. (Huyo Barghash ndiye aliyetawala baadaye, kuanzia 1870 mpaka 1888, na katika siku zake Unguja ikapata mtambo wa kupiga chapa. Wanaume wa nyumba ile walijua vizuri thamani ya maandishi.) Nani basi aliyeiharibu kalamu ya mtoto yule? Alijifundisha bila ya mkubwa wa kumwongoza, na wakubwa walipoigeukia waliigeukia kwa ajili ya vita vyao.

Ama kuondoka kwake, mwaka 1866 alitoka Unguja katika manowari ya Kiingereza, na mwaka 1867 huko Aden akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Kutoka kwake katika Uislamu ni msiba na sina haja ya kuupamba. Lakini Mjerumani yule alikuwa jirani yake. Dari ya nyumba moja iliitazama nyumba ya pili. Tukitaka kukataza kilichowakutanisha tuanze na madirisha, kisha tukataze ujirani. Tena, Salme alijua kusoma Qur'ani kabla ya kujua kuandika. Mbona hapana mtu anayesema kuwa ni kusoma kulikompoteza?

Mwaka 1886 alikichapisha kitabu chake Ujerumani, kwa lugha ya huko. Leo mwenye kutaka kujua watoto wa Mtoni walisomeshwaje, walikula nini asubuhi, walivaa nini siku ya Idi, lazima arudi kwake. Unguja ya siku zile ilijaa wanaume wenye kalamu, waliofundishwa utotoni kwa kheri na baraka, na waliyotuachia juu ya mambo hayo ni kidogo mno. Imetubidi tuyapate kutoka lugha ya watu wengine.

Sasa njooni kaskazini, miaka ile ile. Mwaka 1858, Salme akiwa msichana wa Unguja, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, naye akamtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa kumwusia. Mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, aliyepigana na majeshi ya huyo huyo Sayyid Said, babaye Salme. Nyumba mbili zisizopatana. Utendi huu wazee wetu wanaujua vizuri sana. Ndio wanaouleta kila harusini. Zikifika zile beti za kumtii mume, sauti hupanda na vidole huinuliwa, na bibi harusi huangaliwa ameinamisha kichwa.

Nawaomba siku moja waanze mwanzo. Kabla ya mume, kabla ya adabu ya kuingia na kutoka, mama anamwita binti yake akae karibu, aje na wino na karatasi. Kisha anamwamrisha aandike, na la kwanza la kuandika ni jina la Mwenyezi Mungu. Yaani wasia wote ule, wenye beti zaidi ya 100, umesimama juu ya binti ambaye mamaye anamjua kuwa anaweza kuandika. Ingekuwa Mwana Hashima amelelewa kwa kanuni ya hawa wenzetu, utendi ungekomea kwenye kitanda cha mgonjwa. Wanamhimiza binti amtii Mwana Kupona, na amri ya mwanzo ya Mwana Kupona wameiruka!

Wala mama yule hakuona kuwa kalamu inagongana na heshima. Aliviweka vyote viwili mkononi mwa binti mmoja, katika kikao kimoja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliutetea usomeshaji wa mabinti mbele ya watu wa zama zake, nao wengine walimwona kuwa amezidisha. Imepita karne karibu nzima, na bado tunavizia madaftari.

Husemwa pia kuwa kuandika kutamla wakati wa hifdhi. Haya ni maneno ya mtu asiyesomesha. Mimi nimesomesha zaidi ya miaka 40. Mtoto anayehifadhi tu anaweza kukusomea sura nzima bila kukosea irabu, nawe ukadhani amefahamu, kumbe ni ulimi unaokimbia katika njia uliyoizoea. Mwambie aandike kwa maneno yake mwenyewe, mistari mitano tu, yale uliyomfasiria jana. Hapo ndipo utakapoona. Mmoja ataleta karatasi tupu. Mwingine ataleta neno lako lile lile alilolikariri. Na mmoja ataleta swali ambalo litakulazimu wewe mwalimu urudi kwenye tafsiri usiku ule. Mimi huwapenda wote watatu, lakini huyo wa mwisho ndiye ninayemwogopa na kumheshimu.

Na vijana wa kiume wasicheke, maana hao kalamu tunawapa na hawana wanachoifanyia. Zaid bin Thabit alikuwa na miaka 11 Mtume alipohamia Madina. Baada ya vita vya Badr walikuwamo mateka wasiokuwa na mali ya kujikombolea, wakawekewa fidia ya kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Zaid alipojulikana kwa akili yake, Mtume alimtaka ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao na kuzijibu, akayapata katika nusu mwezi. Kijana yule alipewa kazi ya kufanya kwa kalamu yake, na barua yake ilikuwa na mtu wa kuipokea. Vijana wetu kalamu yao ya mwisho ni ya mtihani. Wakitoka hapo, hapana mzazi anayewaambia: niandikie barua kwa ami yako Maskati, au andika khabari za mazishi ya babu yako kabla hatujazisahau.

Ninalolitaka ni dogo. Kila chuo kitenge siku moja katika wiki, baada ya Alasiri, wavulana kwa zamu yao na wasichana kwa zamu yao, waje na madaftari yao. Wasichana wasimamiwe na mwalimu wa kike, na kama hayupo atafutwe, kwani Shifaa alipatikana Madina hatushindwi sisi kumpata wa kwetu. Atakayetaka kusoma aliyoandika asome, asiyetaka asilazimishwe. Mwalimu asahihishe herufi, akataze usengenyi, akae kimya panapostahili kimya. Na mzazi anayetaka kujua mwanawe anaandika nini aje akae nyuma, asikilize.

Na mwenye hadithi nyingine ya kukataza, mbali na hiyo ya Al-Hakim, ailete pamoja na isnadi yake. Nipo msikitini kila siku baina ya Magharibi na Isha.